Simiyu: Nani anastahili kuajiriwa na serikali kuwa mtaalamu wa tiba ya usemi?

Mtoto ana miaka 4 na bado hatamki maneno yanayoeleweka. Bibi anasema asiharakishwe, kwa sababu hata baba yake alichelewa kuongea. Jirani anashauri akakatwe udata. Mama anaamua kwenda zahanati, anapewa rufaa ya hospitali ya wilaya, kisha anaelekezwa Bariadi. Daktari anamchunguza masikio, mdomo na koo. Hakuna cha kukata wala kushona, na hakuna dawa ya kumeza itakayomfanya mtoto huyo aongee.

Anayehitajika hapo ni mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha. Wapo wanaomwita mtaalamu wa matamshi, na wapo wanaosema ni "yule anayefundisha watoto kuongea". Katika miji mikubwa jina hilo limeanza kuzoeleka. Katika mikoa kama Simiyu, wazazi wengi hulisikia kwa mara ya kwanza siku wanapoambiwa wamtafute.

Swali ambalo vijana wa kidato cha sita na wazazi wao wameanza kuuliza ni hili: ili mtu aajiriwe na serikali kufanya kazi hiyo, anatakiwa awe na sifa gani? Jibu lina hatua nne. Tatu za kwanza ziko mikononi mwa anayeomba kazi. Ya nne iko mikononi mwa serikali, na ndiyo inayoamua kama mtoto yule atahudumiwa Bariadi au atarudi nyumbani alivyokuja.

Kazi yenyewe ni ipi?

Watu wengi hudhani kazi hii ni kumfundisha mtoto kutamka herufi. Hiyo ni sehemu ndogo tu. Mtaalamu wa tiba ya usemi hushughulikia watoto waliochelewa kuongea, wenye usonji, wenye kigugumizi na waliozaliwa na mdomo au kaakaa wazi, hata baada ya kufanyiwa upasuaji. Hushughulikia pia watu wazima. Duniani kote, takriban theluthi moja ya watu wanaopata kiharusi hupoteza kwa kiasi fulani uwezo wa kuongea au kuelewa maneno, ingawa akili zao bado zinafanya kazi.

Kuna jambo jingine lisilozungumzwa sana, nalo ni kumeza. Mgonjwa wa kiharusi au mtoto mwenye mtindio wa ubongo anaweza kupaliwa na uji, na uji huo ukaingia kwenye mapafu na kumsababishia homa ya mapafu. Kujua mgonjwa alishwe akiwa amekaa vipi, kwa chakula kizito au chepesi kiasi gani, na lini alishwe kwa mrija, ni sehemu ya taaluma hii. Kwa hiyo kazi hii haiishii kwenye kuongea vizuri. Wakati mwingine ni suala la uhai.

Hatua ya kwanza: darasani

Kwa miaka mingi, Mtanzania aliyetaka kusomea fani hii alilazimika kwenda nje ya nchi. Katika Afrika Mashariki, Chuo Kikuu cha Makerere nchini Uganda kilianza kutoa shahada ya tiba ya usemi na lugha mwaka 2008. Wengine walikwenda India, ambako fani hii hufundishwa pamoja na elimu ya usikivu katika shahada moja. Taasisi ya usemi na usikivu ya jiji la Mysuru, kwa mfano, ilianzishwa tangu mwaka 1965.

Hali imebadilika katika miaka ya karibuni. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, MUHAS, kimeanzisha shahada ya kwanza inayounganisha elimu ya usikivu na tiba ya usemi na lugha. Kuunganisha fani hizo mbili kuna mantiki, kwa kuwa mtoto asiyesikia hawezi kujifunza kuongea kwa njia ya kawaida, na jambo la kwanza kwa mtoto aliyechelewa kuongea ni kupimwa usikivu.

Kwa mwanafunzi aliyeko sekondari Bariadi, Maswa au Busega, maana yake ni kwamba safari huanza mapema. Mlango mkuu wa kuingia katika shahada za afya ni tahasusi ya Fizikia, Kemia na Baiolojia, inayojulikana kama PCB. Mlango wa pili ni stashahada ya fani ya afya yenye ufaulu mzuri. Alama zinazotakiwa kwa kila kozi huchapishwa kila mwaka katika mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, na ni vyema kuusoma mwongozo wa mwaka husika badala ya kutegemea maneno ya mtaani.

Hapa kuna mkanganyiko wa kuondoa. Mwalimu wa elimu maalumu aliyesoma Chuo cha Patandi mkoani Arusha au chuo kingine chenye kozi hiyo ni mtu muhimu sana kwa mtoto mwenye ulemavu. Lakini sifa yake ni ya ualimu, na mwajiri wake ni sekta ya elimu. Hawezi kuajiriwa hospitalini kuwa mtaalamu wa tiba ya usemi kwa cheti hicho, kama vile mtaalamu wa tiba ya usemi asivyoweza kupewa darasa kwa cheti chake.

Hatua ya pili: usajili na leseni

Shahada peke yake haimpi mtu ruhusa ya kumgusa mgonjwa. Tangu mwaka 2017 Tanzania Bara ina sheria inayosimamia madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi, na msimamizi wake ni Baraza la Madaktari Tanganyika. Afya shirikishi ni neno linalojumuisha wataalamu wa tiba ambao si madaktari wala wauguzi. Mhitimu hutakiwa kusajiliwa na kupata leseni ya kufanya kazi, na leseni hiyo huhuishwa. Kwa fani nyingi za afya za ngazi ya shahada, kabla ya usajili kamili kuna kipindi cha utarajali, yaani kufanya kazi hospitalini chini ya usimamizi.

Aliyesoma nje ya nchi ana kazi ya ziada. Vyeti vyake vya chuo kikuu lazima vitambuliwe na TCU, na kama alisoma sekondari nje, vyeti hivyo vipitie Baraza la Mitihani, NECTA. Wapo wanaorudi na vyeti vizuri wakakuta miezi inapita kwa sababu hawakuanza utaratibu huo mapema.

Viwango vya nchi nyingine pia havilingani. Uingereza humsajili mtu mwenye shahada ya kwanza ya fani hii. Marekani hutaka shahada ya uzamili. Kwa hiyo Mtanzania mwenye shahada ya kwanza kutoka MUHAS au Makerere asishangae akiambiwa Marekani kwamba bado ana masomo mbele yake. Kwa viwango vya kuanzia hapa nyumbani, shahada ya kwanza iliyotambuliwa ndiyo msingi.

Hatua ya tatu: maombi ya kazi

Nafasi za serikali hutangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi hufanyika kwa njia ya mtandao katika mfumo wake wa ajira. Masharti ya jumla yanajulikana: mwombaji awe raia wa Tanzania, na umri usizidi miaka 45 isipokuwa kwa walioko kazini serikalini. Aambatanishe cheti cha kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne na cha sita, cheti cha taaluma na, kwa fani za afya, uthibitisho wa usajili. Hati za matokeo za muda hazikubaliki. Vijana wengi wenye sifa huanguka hapa kwa jambo dogo, kama jina kuandikwa tofauti kwenye cheti cha kuzaliwa na cha shule bila hati ya kiapo.

Kwa Simiyu ni muhimu kujua kwamba kuna milango miwili. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iko chini ya Wizara ya Afya. Hospitali za halmashauri, ikiwamo ile ya Mji wa Bariadi ambayo wenyeji huiita Somanda, pamoja na vituo vya afya na zahanati, ziko chini ya Ofisi ya Rais, TAMISEMI. Mtaalamu wa fani adimu kama hii ana nafasi kubwa zaidi ya kuhitajika katika hospitali ya rufaa kuliko ngazi za chini.

Hatua ya nne: kiti kwenye ikama

Hapa ndipo habari inapobadilika. Kijana anaweza kuwa na PCB, shahada, usajili na leseni, na bado asiajiriwe, kwa sababu serikali huajiri kujaza nafasi, na nafasi lazima iwepo kwanza kwenye karatasi.

Karatasi hizo ni mbili. Ya kwanza ni muundo wa maendeleo ya utumishi, unaotaja kada, sifa za kuingilia, majukumu na ngazi za mshahara, ambazo kwa watumishi wa afya hutambulika kwa herufi TGHS. Kada isipokuwa na maelezo yake katika muundo, mwajiri hajui amwite nani, amlipe kiasi gani na ampandishe cheo vipi. Ya pili ni ikama, yaani idadi ya watumishi ambayo kila taasisi imeruhusiwa kuwa nayo kwa kila kada. Ikama huenda pamoja na bajeti ya mishahara na hupitishwa kila mwaka. Hospitali isipoomba mtaalamu wa usemi katika ikama yake, haiwezi kupewa kibali cha kumwajiri, hata kama wahitimu wanasubiri mlangoni.

Ukizitazama fani jirani utaona tofauti. Mfiziotherapia, anayeshughulikia viungo na misuli, anafahamika katika matangazo ya ajira za afya. Mtoa tiba kwa vitendo, anayemsaidia mgonjwa kurudia shughuli za kila siku kama kuvaa na kula, naye ana jina lake, na Moshi imekuwa ikifundisha fani hiyo kwa ngazi ya stashahada kwa miaka mingi. Kada hizo zilijulikana kwa sababu wahitimu walikuwepo na hospitali zikajifunza kuwaomba. Tiba ya usemi iko katika hatua ambayo wenzake walishaipita. Ni mduara mgumu: hospitali haiombi kwa sababu haijawahi kuwa na mtaalamu, na mtaalamu haendi kwa sababu hospitali haijaomba. Wachache waliopo nchini hubaki Dar es Salaam na miji michache mikubwa, kwenye hospitali kubwa, kliniki binafsi na mashirika.

Kwa nini rufaa haitoshi

Mtu anaweza kusema: si kila mkoa unahitaji kila mtaalamu, ndiyo maana kuna rufaa. Hoja hiyo ni sahihi kwa mambo mengi. Mtoto mwenye mdomo wazi anaweza kupelekwa Hospitali ya Bugando jijini Mwanza au CCBRT jijini Dar es Salaam, akafanyiwa upasuaji, akarudi. Safari ni moja au mbili, na kazi imekwisha.

Tiba ya usemi haiko hivyo. Ni ya kurudiwa, mara nyingi kila wiki kwa miezi mingi, na mzazi hufundishwa cha kufanya nyumbani kati ya kliniki moja na nyingine. Kutoka Bariadi hadi Mwanza unapita Lamadi na Magu; hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Familia inayoishi kwa pamba haiwezi kufunga safari hiyo kila wiki wakati wa palizi au mavuno, hata kama matibabu yenyewe yangekuwa bure. Nauli, chakula na mahali pa kulala vinatosha kuikatisha tiba katikati.

Mfano mzuri ni upandikizaji wa vifaa vya usikivu. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa huduma hiyo mwaka 2017, na watoto ambao zamani wangepelekwa India sasa wanatibiwa nchini. Ni hatua kubwa. Lakini kifaa kinampa mtoto sauti tu. Maneno huja kwa mafunzo ya muda mrefu baada ya upasuaji. Mtoto wa Dar es Salaam anaweza kupanda daladala kwenda kwenye mafunzo hayo. Mtoto wa Meatu hawezi. Serikali inaweza kugharamia upasuaji wa mtoto huyo kisha ikakosa matunda yake kwa sababu ya hatua ya mwisho ambayo ndiyo ya bei nafuu zaidi.

Je, Simiyu inaweza kumudu?

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Katika sensa ya mwaka huo ulikuwa na watu takriban milioni 1.58. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 2.1. Huduma za afya zimekuwa zikikimbizana na ongezeko hilo. Katika hali hiyo, mganga mkuu anayepanga ikama ana sababu ya kuuliza: nikipewa nafasi moja, niombe muuguzi wa wodi ya wazazi au mtaalamu wa kufundisha watu kuongea?

Swali hilo halipaswi kudharauliwa. Mama anayejifungua usiku hawezi kusubiri. Lakini mizani ina upande wa pili. Mgonjwa wa kiharusi anayepata homa ya mapafu kwa kulishwa vibaya hukaa wodini siku nyingi zaidi na hutumia dawa zaidi. Mtoto asiyeongea na asiyesaidiwa mara nyingi haendi shule, au huenda na kukaa nyuma bila kuelewa kinachoendelea. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatunga sheria yake ya watu wenye ulemavu. Haki ya kupata huduma za utengamao imo humo. Haki hiyo inapofika mkoani hugeuka kuwa jambo moja la kawaida kabisa: je, kuna mtumishi au hakuna?

Isitoshe, Simiyu haihitaji wataalamu 100. Mtaalamu mmoja au wawili katika hospitali ya rufaa ya mkoa, wenye ratiba ya kutembelea Maswa, Meatu, Itilima na Busega, wangebadilisha mengi. Wangeweza kuwafundisha wauguzi namna ya kumlisha mgonjwa wa kiharusi, kuwaonyesha wafiziotherapia na walimu wa elimu maalumu mazoezi ya kuendeleza, na kuwaelekeza wahudumu wa afya ya jamii dalili za kutazama kwa mtoto. Kazi nyingi ndogo zinaweza kugawiwa wengine, mradi kuna mwenye taaluma kamili anayesimamia. Kugawa kazi bila msimamizi ni jambo jingine, na ni la hatari, kwa sababu hufungua mlango kwa mtu mwenye cheti cha semina ya wiki mbili kujiita mtaalamu.

Lugha ya nyumbani

Kuna sifa moja ambayo haimo kwenye vyeti. Katika vijiji vya Simiyu watoto wengi huanza kuongea Kisukuma kabla ya Kiswahili. Mtaalamu hufundishwa kwa Kiingereza, na vipimo vingi vya fani hii vimetungwa kwa watoto wanaokua na Kiingereza. Akikutana na mtoto anayesema "kula" akimaanisha "kura", lazima ajue kwamba hiyo si hitilafu ya usemi. Ni lafudhi ya lugha ya nyumbani, na wazazi wake nao husema hivyohivyo. Asiyejua hilo anaweza kumtibu mtoto mzima na kumwacha mgonjwa.

Vilevile, mzee aliyepata kiharusi anaweza kuwa amepoteza Kiswahili chake na kubakiwa na Kisukuma, au kinyume chake. Kumpima kwa lugha moja tu ni kumpima nusu. Ndiyo maana kuna hoja nzito ya kuwahamasisha vijana wa mkoa huu wenyewe kusomea fani hii. Kijana wa Bariadi aliyesoma PCB anaingia kazini akiwa na kitu ambacho mwenzake wa mbali atahitaji miaka kukipata. Na mara nyingi ndiye anayekubali kubaki, wakati wageni huomba uhamisho.

Nini kifanyike?

Kwa upande wa serikali, kujenga chuo bila kuandaa viti ni kazi nusu. Wahitimu wa MUHAS wakimaliza na kukuta mikoa haina nafasi zao, watabaki Dar es Salaam katika kliniki binafsi au watakwenda nje, na fedha za umma zilizowasomesha zitawanufaisha wenye uwezo wa kulipa. Hospitali za rufaa za mikoa zinaweza kuanza kwa kuiombea kada hii nafasi katika ikama ya kila mwaka. Swali hilohilo linahusu bima: Bunge lilipitisha muswada wa bima ya afya kwa wote Novemba 2023, na kwa familia hizi jambo la kuuliza ni kama kitita cha huduma kitagharamia kliniki zinazorudiwa, ama upasuaji peke yake.

Kwa upande wa mzazi, kungoja si tiba. Mtoto wa miaka 2 asiyetamka neno lolote apelekwe kupimwa usikivu. Akipata mtu anayejiita mtaalamu wa usemi, mzazi ana haki ya kuuliza mambo matatu bila kuona haya: umesoma wapi, umesajiliwa na baraza gani, na leseni yako iko wapi. Mtaalamu wa kweli hukasirishwa na watu wengi wanaojifanya wenzake kuliko anavyokasirishwa na maswali hayo.

Na kwa kijana anayejaza fomu za chuo mwaka huu, fani hii ina nafasi ya kukua. Lakini aingie akijua kwamba vyeti vyake vitamfikisha mlangoni, na kwamba kufunguliwa kwa mlango huo mkoani kwake kutategemea mstari mmoja kwenye ikama, ambao bado kuna watu wanapaswa kuuandika.